Maneno Tuliyoiwekea Kamera

Mgeni rasmi, Mzee wa Kamera; binti yako uliyefuatana naye; wapangaji wenzetu wa zamani mliorudi leo; majirani; na nyinyi watoto mlioko juu ya ukuta, ambao tunawaomba mshuke kabla risala haijafika mbali:

MAKARIBISHO

Sisi wakazi wa Ua wa Madobi tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumefagia, tumeteremsha nguo kwenye kamba zote, na kiti chako ni kile kile cha mbao ulichokuwa ukitukalisha sisi kando ya bomba. Safari hii kaa wewe.

Tumemteua Kinyozi asome kwa niaba yetu. Sauti yake haikatiki upesi, na kwa kazi yake amezoea kuongea na mtu ambaye hawezi kuinuka akaondoka.

HISTORIA YA FILAMU YETU

Mgeni rasmi, ulipoingia hapa mara ya kwanza ulikuwa kijana mwembamba, suruali imekubana, begani una kamera inayonguruma kama cherehani. Tulidhani umetumwa na mwenye nyumba uje kuchunguza tunalala wangapi kila chumba. Tukawaficha wageni wetu wote. Ndiyo maana filamu ya kwanza ina watu wachache kuliko tuliokuwepo, na shangazi mmoja hadi leo analalamika kwamba dunia haikumwona alipokuwa mzuri, kisa alikuwa chini ya kitanda.

Ulisema utarudi kila baada ya miaka kumi, mpaka mmoja wetu, wewe au sisi, achoke. Tulikuitikia kwa adabu tu, maana watu wengi huahidi kurudi. Ukarudi kweli, ukiwa na ndevu. Mara ya tatu ukarudi na miwani, na ya nne ukiwa na fimbo. Leo ni ya tano, na umetuambia ni ya mwisho.

Kila mara ulimkalisha mtu palepale kando ya bomba, ukamwuliza swali lilelile: ni jambo gani hujamwambia mtu wa nyumbani kwako? Katika ua huu tunaulizana umeamkaje, umekula nini, na sabuni yangu iko wapi. Swali kama lako hakuna aliyewahi kutuuliza. Kwa hiyo tulilijibu.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi na hatutayamaliza. Kinyozi anayekusomea risala hii ana nywele tele katika filamu ya kwanza, na wateja wasioamini huoneshwa. Mjane wa chumba cha kona humwona marehemu mumewe akikung'uta shuka na kumtania mpiga picha. Wajukuu wamejua kwamba bibi zao waliwahi kukimbia.

Mafanikio makubwa yalitokea usiku ule wa kwanza ulipotundika shuka ukutani ukatuonesha sisi wenyewe. Dobi Mkuu, mtu wa kufoka asubuhi hadi jioni, alikuwa amekujibu kwamba hajawahi kumwambia mkewe kuwa bila kumsikia akikoroma hapati usingizi. Mkewe alisikia hayo pamoja na sisi sote. Alicheka mpaka akavunjika mbavu, kisha akaingia jikoni, akakaa huko kitambo akilia peke yake. Kuanzia siku hiyo ndoa yao ilikuwa ya kuonewa wivu.

Hapo ndipo tulipopata desturi yetu, mgeni rasmi, na pengine hujawahi kuambiwa. Mtu akiwa na neno zito haliachii ovyo. Anasema, "Hilo ni la kamera," na anayeambiwa anaelewa, anasubiri. Tuliona maneno yakisemwa mbele yako hutoka vizuri, aliyesema hafokewi, na aliyeambiwa haondoki. Tukayaweka, kama mtu anavyoiweka nguo nzuri ya kutokea.

Nyingine zilizeekea kabatini. Fundi Bomba alimpenda msichana wa chumba cha tatu, akaamua posa yake ataitolea kwenye filamu ya pili ili aseme mara moja tu na isikike. Ulipofika, msichana alikuwa na mume na watoto wawili, na ndiye aliyetupikia chai siku hiyo. Tulimcheka sana Fundi Bomba. Hajaoa hadi leo, yuko hapa mstari wa pili, na sasa hatumcheki tena.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja. Amekaa mbele yako, kiti cha kwanza kushoto, kitambaa cha kijivu kichwani. Unamjua kwa jina la Mama Pasi. Mwenyewe ametupa ruhusa tuyaseme haya, baada ya kuyafuta mengine.

Mama Pasi alilelewa hapa pamoja na mdogo wake, yule tuliyemwita Fundi Redio. Katika filamu yako ya kwanza yeye ni msichana anayejifunza kunyoosha kola, na mdogo wake yuko chini ya meza anafungua saa ya watu. Walipendana hata kugombana kwao kulikuwa kwa kutaniana. Mdogo mtu alipopata kazi ya mitambo mbali na hapa, dada alimfungia mashati saba yaliyonyooshwa, akamwambia asiyavae yote siku moja.

Mama yao akaugua. Alimkataza binti yake kumwita kijana, akasema kazi ni mpya, asisumbuliwe, yeye atapona. Mama Pasi alimwamini, kwa kuwa alitaka kumwamini. Siku ya tatu mama akakata roho, na kijana alifika kaburi limeshafunikwa. Alisimama mlangoni na begi lake, akamwuliza dada yake, "Uliniona mimi ni wa kuambiwa baada ya mazishi?" Hakungoja jibu.

Aliacha kazi ile ya mbali, akahamia chumba kinachotazamana na cha dada yake na humo akafungua kazi yake ya redio. Milango uso kwa uso, na hawakuwa wakisemeshana. Chumvi ikiisha, alitumwa mtoto wa jirani. Mama Pasi alijaribu kwa mdomo mara kadhaa, na kila alipoanza tu, mdogo wake aliinuka akatoka. Sisi tulijaribu kuwapatanisha, tukaambulia kununiwa na pande zote mbili.

Ndipo Mama Pasi akakata shauri kwamba hilo ni la kamera. Alikuwa na hoja. Mdogo wake alikuwa mtu wa adabu, na mbele ya kamera hakuwahi kuonekana akimwacha mtu akiongea peke yake. Alijifunza maneno yake huku ananyoosha. Sisi tuliokuwa tunapita dirishani tuliyasikia tukayajua kwa moyo, hata watoto waliyajua, na hakuna aliyethubutu kuyapeleka mlango wa pili, kwa sababu hayakuwa yetu.

Ulipokuja mara ya nne alikuomba umkalishe pamoja na mdogo wake. Unakumbuka, mgeni rasmi? Ulikataa kwa upole. Ulimwambia, "Mama, tuliache likomae. Filamu ijayo litakuwa na uzito zaidi." Ukamrekodi yeye peke yake akinyoosha. Kisha ukaingia chumbani kwa Fundi Redio, ukafunga mlango, na ulipotoka tulikuona unafuta macho. Katika filamu ile Fundi Redio anaonekana akipuliza vumbi kwenye redio, basi. Alichokuambia hatukukisikia.

Mama Pasi alikubali kungoja, kwa vile alikuamini, na kwa vile sisi sote tulimwambia akuamini. Miaka kumi ikatimia. Ukatutumia salamu kwamba mambo ya filamu hayajakaa sawa, utakuja mwakani. Mwakani ukatuambia mwaka unaofuata. Katikati ya hapo Fundi Redio alianguka kwenye meza yake ya kazi, bisibisi mkononi, saa nne ya asubuhi. Dada yake alikuwa wa kwanza kufika, kwa kuwa mlango ulikuwa uso kwa uso. Alimwita, akamwita. Safari hiyo hakuinuka kuondoka.

Tuliandika hapa kwamba hatukulaumu. Mama Pasi akatuambia tufute, tusiseme uongo mbele ya wageni. Tunakulaumu kiasi, na sisi wenyewe tunajilaumu zaidi, tuliokuwa na maneno yake masikioni tukapita nayo kila siku kwenda bombani.

MAOMBI

Jana, mgeni rasmi, ulimkalisha Mama Pasi kando ya bomba ukamwuliza lile swali lako. Alikuomba shuka, akaanza kulikunja. Ulimgeukia binti yako ukasema kwa furaha, "Hiyo hiyo, usikate." Tulikusikia. Hatusemi ulikuwa mkatili. Fundi akipata kazi nzuri hufurahi.

Kisha ukamwambia habari aliyokaa nayo mpaka asubuhi bila kula. Kwamba kipande cha mdogo wake unacho. Kwamba anamzungumzia dada yake, na kwamba ulikiweka miaka yote hii ili siku moja umwoneshe mbele ya watu huku ukimrekodi uso. Kumbe na wewe una desturi ya ua wetu. Tumekuambukiza, au ulituambukiza wewe.

Shuka la kuoneshea limeshatundikwa nyuma yetu. Kamera ya binti yako haimwangalii Kinyozi anayesoma, inamwangalia Mama Pasi. Tunajua kwamba bila uso huo filamu yako ya mwisho itakuwa na pengo, na kwamba umekuja hapa kwa fimbo ukiutafuta. Tunajua pia huenda usirudi tena.

Hata hivyo ombi letu ni hili. Kipande kile mpe Mama Pasi akakione chumbani mwake, mlango umefungwa. Kama anataka mtu wa kukaa naye, atamchagua mwenyewe. Akitoka, asiulizwe. Kama Fundi Redio alimsamehe, ni lake. Kama hakumsamehe, ni lake pia, na hapo ndipo hatahitaji kabisa watu wa kumtazama.

Ombi la pili ni dogo. Aya inayofuata si ya filamu. Kinyozi ataweka karatasi chini, na hataiokota mpaka taa nyekundu ya kamera izimike.

HITIMISHO

Ahsante kwa kuizima.

Mama Pasi ametuagiza tusome maneno haya kwa sauti, kuelekea ule mlango unaotazamana na wake. Amesema hajui mdogo wake alikuambia nini na hataki kujua kwanza. Anataka lake litangulie, asije akalibadilisha kwa kusikia la mwenzake. Ni yaleyale tuliyokuwa tukiyasikia dirishani:

"Mdogo wangu, nilikosea kutokukuita. Mama alinikataza nikamsikiliza, kwa sababu nilitaka iwe kweli kwamba anapona. Ningekuita tu, halafu akipona tugombezwe wote wawili. Ulikuwa na haki ya kuinuka ukaniacha. Nilikuwekea chakula siku ile ulipofika na begi, na sikujua jinsi ya kukuambia kipo."

Ni hayo tu. Hayakuwa marefu. Yangesemeka asubuhi yoyote, kati ya mlango na mlango, kabla pasi haijapata moto.

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akupe afya, macho yako yaendelee kuona na miguu yako ikufikishe nyumbani salama. Amrehemu Fundi Redio, na wote ambao sasa tunawaona kwenye shuka tu. Barabarani mna safari ndefu wewe na binti yako, na kamera itakuwa ndani ya sanduku. Lolote ulilomwekea, mwambie.

Ni sisi,
Wakazi wa Ua wa Madobi, tuliobaki.