Besi ya Djamali Haina Kichwa

Kahawa ya Mama Régina, karibu na soko la Kasongo, haimtoi mtu usingizi tu. Inampa na ubishi. Asubuhi ile Djamali, fundi wa baiskeli na pikipiki, alikuja kwenye banc, benchi la wanywaji, na gita besi aliyoitengeneza mwenyewe: ubao wa kitanda, skrubu za baiskeli, nyaya nne za freni. Kichwa haina, kile cha juu cha kukazia nyaya. Ile ya kwanza alikuwa ameibeba mgongoni kwenye pikipiki, mianzi ya njia ya Kabambare ikaikata kichwa. Na kesho, kule Kabambare, dada yake Mwamvita anaolewa. Djamali aliapa atampigia besi, na Djamali akiapa ameapa.

— Vya kukazia nimeweka chini, kwa tumbo, alieleza. Huku juu, kirungu cha mwisho wa waya kinajishika chenyewe. Hata sikukata waya.

Jean-Pierre, aliyefundisha shule mwaka mmoja tu, jina la Professeur likamganda, alisema hiyo ni sayansi. Zamani sauti ilipanda kichwani ikalala huko. Sasa itarudi tumboni mara mbili.

— Kichwa njo inakulaka sauti, mutu asibishe.

Bruno, anayeitwa Ministre ingawa hajaongoza hata mbuzi, aliona Professeur anakwenda polepole. Kila chombo kipunguzwe, alisema. Pikipiki itolewe taa, itoshwe kiti cha nyuma, mwishowe itoshwe freni, uone kama Kabambare haitakuwa hapo tu.

Wote wakakubali. Djamali naye alikubali, ila neno freni lilimfanya aivute besi karibu.

Ndipo Clovis akafika, akisukuma pikipiki yake kwa mikono. Jana aliiacha kwenye karakana ya Djamali aiangalie, maana ndiyo itakayowapeleka wao wawili harusini; asubuhi hii ameichukua. Akasalimia kila mtu. Akautazama waya mnene wa besi.

— Ndugu Djamali, kule kwa mulima ya Lusangi, tukishuka, nitaisimamisha na nini?

Professeur akachungulia kikombe chake. Ministre akakumbuka kuna mtu anamngoja.

Djamali hakujitetea. Akaupiga ule waya mara moja. Sauti ikapita kwenye ubao wa banc mpaka kwenye mapaja yao, tamu kweli, na roho ikamuuma. Kisha akatoa ufunguo, akaulegeza waya, akainama kuurudisha kwenye gurudumu.

Alipomaliza akaifunga besi mgongoni. Haikumpita hata mabega.

— Mwamvita atacheza na nyaya tatu, akasema. Twende.