Mama Mwirigi na Vitambaa Vilivyongoja Wageni

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, Bi. Cicily Karwirwa anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu cha ufundi hapa Ishiara kwa miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku ishirini na nne. Hesabu hiyo nimeirudia mara mbili na ni sahihi. Mengine yaliyomo katika wasifu huu nimeyarudia zaidi ya mara mbili na bado hayajanikaa sawa kichwani, kwa hiyo namwomba msomaji anivumilie.

Bi. Karwirwa, ambaye karibu sote tunamwita Mama Mwirigi kwa jina la mwanawe wa kwanza, alizaliwa Laare mwaka 1959. Alisoma huko hadi kidato cha nne, kisha akajifunza kupiga chapa mjini Meru. Aliripoti hapa Jumatatu tarehe 4 Machi 1985 akiwa na sanduku la nguo, barua ya kuajiriwa na cherehani ya mkono iliyofungwa kwa shuka. Mlinzi alipoiona cherehani alimwelekeza karakana ya ushonaji, akidhani ni mwalimu mpya. Alikaa huko hadi saa sita, akawa tayari amewafumulia wanafunzi wawili kola zilizokaa upande, ndipo mkuu wa chuo akaanza kuuliza mpiga chapa wake amepotelea wapi.

Kazi yake ya ofisi haikuwa na mzaha. Mwaka 1997, mvua kubwa ilipokata barabara na karatasi za mitihani zikakwama Embu, alipiga chapa mitihani ya idara sita kwa siku mbili, kutoka kwa miandiko ya walimu ambayo wengine hatukujua ishikwe kwa upande gani. Kompyuta ilipokuja mwaka 2003, aliishonea gauni la popolini ya buluu lenye marinda. Ilichemka na kuzimika mara tatu kabla fundi hajagundua kwamba Mama Mwirigi alikuwa anaivalisha ingali inafanya kazi, ili isipate vumbi. Baada ya miezi miwili alikuwa anaitumia vizuri kuliko yule fundi.

Lakini wengi wetu tukitajiwa Mama Mwirigi hatufikirii barua wala mitihani. Tunafikiria vitambaa.

Alishona zawadi. Hakuwahi kushona za kuuza, ingawa aliombwa. Alishonea ndugu zake wa Laare na alitushonea sisi. Ukioa, ukijifungua au ukihamia nyumba mpya, angekuja kukutembelea kwanza, anywe chai, azungumze habari za mvua, na huku akizungumza macho yake yakihesabu viti. Akicheza na mtoto kwenye kochi, kiganja chake kilikuwa kinapima mkono wa kochi. Miezi miwili au mitatu baadaye ungekuta kifurushi cha gazeti juu ya meza yako ofisini. Ndani kungekuwa na seti ya vitambaa vya viti, au foronya mbili zilizodariziwa, au kitambaa cha meza, au vishikio vya sufuria vilivyojazwa mabaki ya blanketi. Hakurudia ua moja kwa nyumba mbili. Kwa mujibu wa shajara yangu, kati ya 1986 na 2008 nyumba ishirini na sita za wafanyakazi wa chuo hiki zilipata zawadi kutoka kwa mikono yake.

Zawadi iliyojulikana zaidi ni ya Kithaka, dereva wetu. Mwaka 1999 alipewa kifuniko cha birika la chai, cha kitambaa kinene chekundu kilichojazwa pamba. Kithaka hakuwa na birika. Aligeuza kile kitu mara kadhaa, akakiona kina umbo la kichwa, akakivaa. Siku tulipokwenda Kangeta kuchukua mbao mwezi wa Julai, baridi ilikuwa kali, na watu wote wa soko la miraa waligeuka kumtazama. Tuliporudi, Mama Mwirigi alikuwa amesimama langoni. 

"Kithaka, hiyo iko sawa?" aliuliza.

"Iko sawa kabisa, Mama. Isipokuwa masikio."

Alikiomba kifuniko chake, akaenda nacho nyumbani, na Jumatatu alikirudisha kikiwa na masikio mawili ya kufunga chini ya kidevu. Tulicheka mwaka mzima. Hatukujua kwamba jambo hilo lilikuwa na uzito wowote.

Zawadi ya mwisho niliyoiandika ni ya Ijumaa tarehe 14 Novemba 2008: foronya mbili za Njura wa jikoni, aliyekuwa amejifungua msichana. Baada ya hapo hakuna kitu. Mwaka 2009 wafanyakazi wawili walifunga ndoa, na Mama Mwirigi alikuja na beseni la plastiki kama sisi wengine. Mwaka 2010 mwalimu wa useremala alihamia nyumba yake mpya, na Mama Mwirigi alikuja na sukari. Gauni la kompyuta lilipochakaa, halikushonwa jingine.

Tulichanganyikiwa. Wengine walisema ni macho. Lakini mwaka 2011 kifungo cha shati langu kilikatika ofisini, naye alitunga uzi kwenye sindano mara moja, bila miwani, akiwa anaongea kwa simu. Wengine walisema cherehani imeharibika. Njura alifika kwake akaikuta mezani, imepakwa mafuta na imefunikwa vizuri. Kuna waliosema kuna mtu amemkosea, na kwa miezi kadhaa kila mtu alimwomba msamaha kwa jambo ambalo hakulijua. Mama Mwirigi aliwasamehe wote, kwa upole, naye akionekana haelewi wanachozungumza. Alikuwa mchangamfu vilevile. Alipika uji wetu wa saa nne vilevile. Hakushona tu. Hata dada zake wa Laare walituuliza sisi kumetokea nini.

Mwezi uliopita kamati ya kumuaga ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu, kwa kuwa mimi ni karani wa masjala na inajulikana kwamba naandika tarehe. Alhamisi tarehe 23 Mei nilikwenda ofisini kwake na kalamu. Nilimuuliza habari za masomo, za taipureta, za mvua ya 1997. Mwishoni nikamuuliza kwa nini aliacha kushona. Nilidhani atacheka.

"Karani," alisema, "si mlivifanya matambara?"

Nikamwambia sielewi.

"Unakumbuka harusi ya Mwirigi? Nilizunguka mwenyewe na kadi. Jumamosi na Jumapili, nyumba kumi na moja. Nikasema, acha leo nione kazi yangu imekaaje kwa watu. Sikuona hata kimoja. Kwa viti hakuna, kwa meza hakuna. Kwako mlikuwa mmetandika taulo."

Nilipofika nyumbani nilitafuta shajara ya mwaka huo. Iko hivi: "Jumamosi 6/12/2008. Mama Mwirigi alipita saa nne na kadi ya harusi. Alikunywa chai jikoni. Hakukaa sana." Basi. Sikuandika taulo. Lakini taulo lilikuwepo.

Sasa hapa ndipo msomaji anivumilie zaidi. Vitambaa alivyotupatia, vya manjano, sita, havikuwa vimetupwa. Vilikuwa kabatini, ndani ya mfuko, na vidonge vya kuzuia nondo. Mke wangu, Mukiri, huvitandika wageni wakija: mchungaji, wakwe, wageni wa posa. Wakiondoka huvifua, huvipiga pasi na kuvirudisha. Ni vizuri mno kukaliwa kila siku. Na nilipouliza wenzangu mmoja mmoja, ikawa nyumba zote ni hivyohivyo. Hakuna hata mmoja aliyetupa kitu. Fadumo, aliyekuwa mwalimu wetu wa hesabu za biashara na ambaye sasa ana duka Maua, aliniambia kitambaa chake cha meza hutoka kila Idd tangu 1996 na hakijawahi kumwagikiwa chai.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilimrudia Mama Mwirigi nikamweleza hayo yote.

"Kabatini vinafanya nini?" aliuliza.

"Vinangoja wageni, Mama."

Aliacha kupiga chapa. "Na mimi siku ile nilikuwa nani?"

Nilimuuliza Mukiri nyumbani, naye akasema, "Mama Mwirigi ni mgeni? Mama Mwirigi si ni wa hapa? Mgeni unampeleka jikoni?" Ni kweli, na ndiyo sababu hakuna aliyetandika. Tulimpenda mpaka tukamkaribisha jikoni, na huko jikoni ndiko alikoamua kwamba hatumjali. Nimelifikiria jambo hili kwa mwezi mzima, na kila nikilifikisha mwisho linarudi mwanzo. Swali lake nimeliandika katika shajara na chini yake nikaacha mistari mitatu. Bado ni mitupu.

Tena hakuniamini. Alisema, "Karani, wewe ni mtu mzuri, unanituliza. Kama kuna mtu alitumia kitu changu ni Kithaka, na yeye alikitumia vibaya." Akaongeza kwamba siku ya kuagwa atakuja kwa maombi na hotuba, lakini chakula tule wenyewe, kwa sababu hataki kukaa akishukuriwa kwa maneno matamu. Kwa hiyo, kama hatungefanya kitu, leo angetoka langoni akiamini kwamba alishona miaka ishirini na mbili kwa ajili ya watu waliovipangusia sakafu.

Kamati iliamua kwamba maneno hayatasaidia. Tulituma ujumbe kwa nyumba zote ishirini na sita, hata za waliostaafu, kwamba kila mtu alete alichopewa. Hadi Jumatatu wiki hii vilikuwa vimefika themanini na vitatu. Vingine vilikuwa bado na mikunjo ya gazeti la kwanza. Cha Fadumo kilitoka Maua kwa gari la parseli, kimekunjwa ndani ya leso. Kithaka peke yake hakuleta chake, kwa sababu amekataa kukivua.

Mimi mwenyewe nilifunga kila kitambaa kikaratasi chenye jina la mwenyewe, kwa wino, kwa pini, na nikaandika orodha. Kilichotokea Jumanne ni kwamba vyote vilinuka vidonge vya nondo, na Njura, kwa nia njema kabisa, alivichukua na wenzake wa jikoni wakavifua pamoja katika mapipa mawili. Vikaratasi viligeuka uji. Tulipovianua kwenye uzio wa uwanja, hakuna aliyejua cha nani ni kipi.

Mtu angedhani kila mwenye kitambaa atakitambua chake. Sisi pia tulidhani hivyo. Lakini kitu kinachotoka kabatini mara mbili kwa mwaka hukijui sana. Nyumba tatu zinadai maua ya zambarau. Mwalimu wa useremala anasema chake kilikuwa na ndege, na mkewe anasema hawajawahi kupewa ndege, hawajawahi kupewa kitu, walipewa sukari. Mimi nina hakika vyangu ni vya manjano, na vya manjano viko kumi na saba. Orodha yangu ninayo mfukoni, imepangwa vizuri, na haina faida yoyote.

Mtu mmoja tu anaweza kutuondoa hapa. Ile Ijumaa, nilipokuwa natoka ofisini kwake, Mama Mwirigi aliniambia bila kuinua macho, "Wewe nilikupa sita. Mlikuwa na viti vitano na kimoja cha kuazima kwa jirani." Ni kweli, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu kile kiti.

Kwa hiyo utaratibu wa leo baada ya hotuba ni huu. Meza zote za ukumbini na viti vyote vya mbele vimetandikwa kazi ya Mama Mwirigi, na chakula kitaliwa juu yake. Mchuzi ukimwagika, umwagike. Baada ya kula, asiondoe mtu kitambaa chochote kwa mkono wake. Mama Mwirigi atapita meza kwa meza na kutugawia upya, na atakachokupa ndicho chako hata kama ulikuja ukidai zambarau. Ukifika nacho nyumbani, kitandike siku hiyohiyo. Tumekubaliana hivyo, ingawa Mukiri ameuliza mara mbili kama ni lazima.

Mama Mwirigi, tunakushukuru kwa barua zisizo na kosa, kwa uji wa saa nne na kwa kuhesabu viti vyetu bila kutuaibisha. Laare unakorudi kuna dada zako, nao tumeshawapigia simu wafungue masanduku yao. Mungu akupe siku nyingi za amani na macho ya kuona tundu la sindano, na cherehani yako isikae bure.

Ila usitoke kabla ya chakula. Kiti ulichokalia nacho tumekivika, na kitambaa kilicho mgongoni mwake hatujui ni cha nani. Geuka ukitazame, halafu utuambie.