Nurys Barraza na Jina Lililokwanguliwa

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Rebolo, wenye picó na wapinzani wao, na ninyi mliofika tangu jana mkisema mmekuja kwa kahawa tu, naitwa Ulises Barraza, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake kwa sababu baba yetu, Mzee Abimael, aliyeketi hapa mbele na kofia yake magotini, amesema hawezi, na mara hii namwamini.

Dada yetu Nurys Esther Barraza Polo alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, hapa hapa Rebolo, Barranquilla, mtoto wa kwanza wa Mzee Abimael na marehemu mama yetu Doris Polo, katika nyumba ambayo sebule yake haikuwa na viti, kwa kuwa nafasi yote ilichukuliwa na picó ya baba, Mamba Asiyelala, ile mitambo ya muziki yenye spika ndefu kuliko mlango, ambayo wengi wenu mlichumbiana mbele yake na wengine mkaachana papo hapo.

Alianza shule ya msingi ya mtaani mwaka 1973 na kumaliza sekondari mwaka 1984, ingawa elimu yake ya kweli aliipata uani, ambako akiwa na miaka kumi na mmoja alimshikia kopo la rangi fundi aliyemchora Mamba usoni mwa spika, na fundi alipolewa kabla ya kufika jicho la kushoto, Nurys akalimaliza mwenyewe, nalo ndilo lile jicho linalowatazama mpaka leo. Alihitimu chuo cha sanaa cha mji mwaka 1989, baba akinung'unika kwamba analipia kitu ambacho mtoto alikwisha kukijua.

Alianza kazi kwa kupamba magari ya Kanivali, mwaka 1991 akaajiriwa na kituo cha televisheni akichora matangazo ya sabuni ambamo povu lilicheza kuliko baadhi yenu, na mwaka 1999 akafungua karakana yake juu ya duka la mkate, akitengeneza michoro inayotembea, kwa mkono, karatasi baada ya karatasi, huku kila mtu akimwambia kwamba kompyuta ingemaliza kazi ile kabla kahawa haijapoa.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Wilfrido Meza, mwalimu wa hesabu, mtu mtulivu asiyejua kucheza, jambo ambalo mtaa ulilijadili mwaka mzima, wakajaliwa watoto wawili, Yuranis, mchoraji kama mama yake, na Dairo, ambaye ndege yake imetua leo asubuhi.

Januari mwaka huu wa 2023, mwongozaji Maribel Cantillo alimletea kazi aliyokuwa akiingoja maisha yake yote, kuchora utangulizi wa filamu inayosimulia habari za picó za pwani yetu, dakika moja na nusu tu, lakini dakika hiyo na nusu ingefunguliwa kwa wimbo wa Mamba, ule mnaouita "Shoga", wimbo na mwimbaji wake pamoja, uliotoka Afrika mkononi mwa baharia mwaka 1978 na ambao hakuna picó nyingine iliyowahi kuupiga. Desturi yetu mnaijua, santuri ikifika, karatasi yake ya katikati inakwanguliwa, jina la mwimbaji na la wimbo yanapotea, ili mpinzani asijue cha kuagiza, kisha mtaa unaubatiza wimbo upya, na anayeutaka aje kuuchezea mlangoni kwako.

Nurys aliupanga utangulizi ule juu ya midundo, akaiandika midundo yote kwa penseli kwenye utepe mrefu wa karatasi uliozunguka karakana, kwamba gitaa likilia jicho la Mamba lifunguke, ngoma zikiingia mkia uzirushe herufi za jina la filamu, kisha tuzame ndani ya santuri inayozunguka, tuone mkono wenye msumari ukirudi kinyumenyume na mikwaruzo ikifutika, na pale pale mwanamke yule anapofungua kinywa kuimba, jina lake litokeze katikati. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa jina.

Akaenda kwa baba, akamwambia, "Baba, nipe jina lake," naye baba akamjibu, "Siri ya Mamba haitoki nyumbani, Nicanor yuko ng'ambo ya barabara ametega sikio." Don Nicanor Ahumada, kwa wageni wasiomjua, ndiye mwenye Nyumbu Mkali, picó pinzani, na wazee hawa wawili hawakusalimiana miaka arobaini na mitano. Maribel akashauri waandike "Shoga" na mambo yaishe, Nurys akamkatalia, akasema, "Huyo mwanamke ana mama aliyempa jina. Sisi ni nani tumwite Shoga kwenye ukuta mzima wa sinema?"

Mwezi Februari alianza kuumwa tumbo, na tarehe 2 Machi madaktari walithibitisha kuwa ni saratani ya kongosho, naye hakuwauliza ataishi mpaka lini, aliwauliza kama mkono utatetemeka. Uliposhindwa kutulia alichora akiwa ameuegemeza kwenye mto, na rangi zetu zinazowaka zilipotoka za majivu ndani ya kamera alimrudia Mamba mzima upya, kichwa mpaka mkia, huku Maribel akipiga simu kila wiki, na mwezi Agosti wenye filamu wakatoa neno la mwisho, kwamba utangulizi usipokamilika ifikapo tarehe 10 Oktoba, wataweka herufi nyeupe juu ya giza na michoro yake itabaki kabatini. Siku hiyo nilimfokea baba uani, mbele ya majirani, nikamwambia anamuua mwanawe mara mbili, naye akaendelea kumenya muhogo, na maneno yale siyarudishi, ingawa sasa najua kwamba pamoja na muhogo alikuwa akimenya aibu yake.

Tarehe 28 Septemba Nurys alimwita hospitalini, baba akaenda na shati lake la Jumapili, akasimama miguuni pa kitanda kama mtoto aliyeitwa ofisini, kisha akasema, "Binti yangu, silijui." Akatueleza kwamba siku ile bandarini, baharia alipomkabidhi santuri, alimwona Nicanor akishuka basi, akachomoa msumari na kuikwangua pale pale aliposimama, kabla hajaisoma yeye mwenyewe, na toka hapo amelinda sanduku tupu. Mimi nilitafuta kiti. Nurys alicheka mpaka muuguzi akaja, halafu akalia kwa uchungu, halafu akamshika baba mkono akasema, "Uliificha vizuri mno, mzee." Akaagiza karatasi zake, akamalizia michoro ya mwisho akiliacha duara la katikati likizunguka tupu, kwa sababu afadhali tupu kuliko jina la uongo, na tarehe 9 Oktoba asubuhi akafariki dunia, Wilfrido akiwa ameushika mkono wake wa kulia.

Jana mchana, siku ya mwisho tuliyopewa na wenye filamu, domino zikiwa mezani, Don Nicanor alivuka barabara akaingia nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, nasi tukasukuma viti nyuma, maana tulidhani amekuja kutusuta. Kwapani alikuwa na santuri. Aliipata Cartagena mwaka 1990, wimbo ule ule, karatasi yake nzima, na hakuthubutu kuipiga hata siku moja, akamwambia baba, "Ningeipiga, wangesema Nyumbu anakula makombo ya Mamba. Jina nilidhani unalo, Abimael, nikasema ni ukaidi wako tu. Jana ndiyo nimesikia kwamba hunalo." Baba aliisoma, akampa Yuranis, Yuranis akapanda karakanani na brashi ya mama yake, na kabla jua halijazama Maribel aliondoka na kazi kamili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani mliotuletea supu na viti, wenzake wa karakanani, Maribel aliyesubiri, na Don Nicanor, ambaye ataombwa leo akae meza moja na baba, apende asipende.

Baba ameniruhusu nilitaje jina hilo mbele ya kila mwenye picó aliyemo humu. Mwanamke aliyetuchezesha miaka yote hii anaitwa Honorine Basila, wa Kisangani. Lichukueni, si siri tena.

Dada, jina limeingia pale pale ulipoliachia nafasi. Pumzika kwa amani.