Mwaka wa Kuzaliwa wa Mwalimu Apiyo

Mliokuja kutusindikiza, familia ya Osewe, majirani wa Lindi na Silanga, walimu na wazazi wa Kawangware, pamoja na mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Kaloki, kabla hatujaanza safari ya mazishi Nyakach familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya Mwalimu Apiyo, nami ni Adongo, mwalimu wa darasa la kwanza, pacha wake.

Mwalimu Apiyo alizaliwa Nyakach asubuhi ya tarehe 14 Machi 1966, akanitangulia kwa dakika ishirini. Nasoma tena, kama alivyoniagiza: tarehe 14 Machi 1966. Najua walimu wa Kawangware watatazamana hapa, kwa sababu miaka hii yote mmenijua kama dada yake mkubwa, basi naomba mnivumilie, tutafika huko polepole.

Mwaka 1972 mama alituleta Nairobi, tukakaa Silanga, ambako alilima sukuma wiki kando ya bwawa, na jambo la kwanza ninalolikumbuka maishani ni sisi wawili tumechuchumaa ukingoni asubuhi yenye ukungu, tukitazama nyuso mbili majini bila kujua ipi ni ya nani. Alisoma shule ya msingi karibu na reli kuanzia 1973 hadi 1979, akamaliza kidato cha nne mwaka 1983, na Januari 1985 akaanza kufundisha chekechea hapa Lindi, katika chumba cha mabati ambamo jua lilipenya kwenye matundu ya misumari, naye akawafundisha watoto kuhesabu kwa kugusa vile vitone vya mwanga sakafuni, kimoja kimoja, mpaka wingu likipita wanyamaze wote wakisubiri hesabu irudi.

Tarehe 5 Agosti 1989 aliolewa na Bwana Osewe, fundi seremala, aliyekuwa ameitengenezea chekechea ile viti vidogo ishirini na vinne kabla ya kupata ujasiri wa kusema kilichokuwa kikimleta, wakajaliwa watoto wawili, Jeremy mwaka 1990 na Aluoch mwaka 1994. Bwana Osewe alitutoka mwaka 2011.

Mwaka 1992 nafasi ya mwalimu mkuu wa chekechea ya Lindi iliachwa wazi, akaambiwa bado ni msichana, mwaka 1996 ikaachwa wazi tena, akaambiwa ana mtoto mdogo, na mwaka 2013 akaambiwa shule inatafuta sura mpya, akakabidhiwa barua ya kuagwa na leso mbili. Aliniuliza siku hiyo mwaka wake hasa ulikuwa upi, maana hakuuona ukipita, labda ulipita akiwa ameinama kumfunga mtoto viatu.

Januari 2014 aliomba kazi katika chekechea ya Kawangware, ambako tangazo lilitaka mtu asiyezidi miaka arobaini, na penye mwaka wa kuzaliwa akaandika 1976. Akaanza kupaka nywele rangi nyeusi, na kwa kuwa mvi zangu mimi zilikuwa wazi, nilipomtembelea siku ya wazazi alinitambulisha kuwa dada yake mkubwa, nikapewa kiti cha kivulini na soda ya kwanza, watu wakishangaa kwamba sijastaafu, nami niliinywa soda ile, ndugu zangu, na nyingine nyingi baada yake.

Mwaka 2018 alifanywa mwalimu mkuu, na wote mliofanya kazi naye mnakumbuka mikutano yake, mkiwa mmekaa duara kwenye viti vya watoto, magoti yakifika kifuani, aliyeajiriwa mwisho akizungumza kwanza, na Mama Wakarima wa jikoni akisema yake kabla ya mwenyekiti.

Hata hivyo aliniagiza nisome na hili. Novemba 2019 Bi Nthenya, wakati huo akiwa na miaka hamsini na mmoja, alifika kuomba kazi, mmoja wa kamati akamwambia, "Mama, hawa watoto wanataka mtu wa kuruka nao kamba," naye akavua koti akajibu, "Leteni kamba basi." Aliruka mara kumi na moja, darasa zima likihesabu kwa sauti dirishani, akashukuriwa, akaambiwa atapigiwa simu, na barua ya kumkataa kwa umri iliwekwa sahihi na dada yangu, aliyekuwa na miaka hamsini na mitatu.

Jumamosi iliyofuata alinikuta nyumbani Soweto West nikichagua maharagwe, akakaa, akasema, "Adongo, yule mama ni mdogo wangu," akaanza kuchagua nami, akitupa mazuri na kubakiza mabovu. Jumatatu alikwenda kwa Bi Nthenya, akamkuta akifua, akaulizwa, "Mwalimu, umekuja kuhesabu tena?" naye akamtajia mwaka wake wa kweli, wakacheka mpaka povu likakauka mikononi. Kisha akaiambia kamati kwamba chini yake hakuna mwalimu atakayekataliwa kwa mwaka aliozaliwa, akampa Bi Nthenya darasa moja na Audrey, mwalimu kijana ambaye tangu aajiriwe alikuwa akiitwa mtoto na kutumwa chai, na hayo wanayoweza watoto wa darasa lile, wazazi, mnayaona nyumbani. Mwaka wake mwenyewe hakuutaja mbele ya kamati, akihofia kwamba angeambiwa aende apumzike.

Agosti 2024 alianza kuumwa tumbo, Desemba akafanyiwa upasuaji, na Mei mwaka huu akalazwa tena. Humo wodini aliota ndoto moja mara nyingi, kamba ndefu ikizunguka taratibu katika uwanja usio na ukuta, watoto wakihesabu kwa mbali, naye amesimama kando akisubiri namba yake ili aingie, lakini hakumbuki kama ni ile aliyoiandika au ile aliyozaliwa nayo. Wiki ya mwisho alionyeshwa picha ya tangazo lililobandikwa kwenye geti la shule, linalotafuta mwalimu mkuu mpya mwenye miaka thelathini na mitano hadi arobaini, akaiangalia sana, akasema, "Audrey bado hajafika, Nthenya keshapita, yale yale tena," kisha akaniomba mwaka wake usomwe mbele ya watu, mara mbili. Aliaga dunia Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa moja asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tisa, saba kati yake akiwaongoza ninyi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea uji na maji, walimu waliopokezana kukaa naye, Bi Nthenya na Audrey waliomchana nywele zake, nyeupe kabisa, na Bwana Kaloki, ambaye tunamwomba, atakapopita getini kesho, alisome tangazo lile kwa sauti, polepole, kama tunavyowafundisha watoto.

Nami narudisha kiti cha kivulini, hakikuwa changu. Namba yako imefika, hamsini na tisa, ingia. Lala kwa amani, dada yangu mkubwa.