Mtoto wa Chini ya Kengele

Pale Nyawera, barabara inapoanza kuteremka, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa chumba cha michezo ya video cha Thierry. Maman Consolate huweka jiko lake pembeni, na harufu ya kahawa yake ndiyo inayowakusanya wenye benchi. Wa kwanza kufika huwa Jacques, mwimbaji wa kwaya, ambaye kwa tabia yake ya kufunga kila ubishi kwa sauti ya mimbarini amepewa jina la Concile, yaani mtaguso wa maaskofu. Wa pili ni Philémon, anayejua habari za dunia nzima kabla hazijatokea. Huyo wanamwita Satellite. Thierry mwenyewe wanamwita Manette, kwa ajili ya kile kidude cha kuchezea ambacho hakimtoki mkononi. Ni mtu wa maneno machache na cheko la haraka, lakini Jumamosi hiyo asubuhi hakuwa na cheko. Concile alikuwa amechungulia ndani na kuona mchezo uliokuwa kwenye skrini.

— Manette, ile jeu unatosha leo, unafuta kabisa. Leo leo! Nimeona na macho yangu: mama anafungia mutoto yake mu cave, ile chumba ya chini ya chapelle, ati kengele imemuambia! Na bale banyama ya mule chini banafanana na picha za katekisimu.

— Ile iko ya bakubwa, Thierry akajibu. Batoto bao banacheza foot. Ile nacheza mi mwenyewe, asubuhi, mbele ya kufungua.

— Na mulango iko wazi! Kesho nitasema ku shirika yetu ya kanisa, bazazi bote basikie. Kisha tuone nani atatuma mutoto yake hapa.

Thierry akakoroga kahawa yake, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani. Angeweza kuufuta mchezo ule mara moja, ubishi ukaisha, watoto wa mtaa wakaendelea kuja kufungana mabao. Wala haukumwingizia chochote. Lakini alikuwa ameumaliza, akauanza upya, akaumaliza tena, na hakuna aliyejua kwa nini, pengine hata yeye.

— Concile, weye unaona kidogo tu, Satellite akadakia. Ule mama hasikie kengele. Ule mama alikufa zamani. Angalia miguu yake, haigusi chini!

— Miguu haigusi chini sababu ya robe, Maman Consolate akasema. Ile nguo yake iko murefu.

— Maman Conso, ile robe njo inaficha kufa kwake!

— Mi nasema ule mama iko na njaa. Anafunga kula kila juma, hakunywe hata uji. Mutu wa vile, hata sufuria inaweza kumusemesha.

Concile alipiga goti lake kwa kiganja.

— Hapana! Munaacha kintu ya maana. Padri akikupaka majivu, anatumia kidole gani?

— Gumba, Satellite akasema.

— Na manette inachezwa na kidole gani?

Wote wakatazama vidole gumba vyao. Maman Consolate akaficha vyake ndani ya kitenge.

— Njo vile! Concile akasema. Neema inapitia ku gumba, basi na shetani anapitia mulemule. Bale batu ba kutengeneza jeu banajua.

— Banajua sana, akasema Satellite, ambaye hakupenda kuachwa nyuma. Mi nilisikia balitoroka ku séminaire ya bapadri bote pamoja. Na ile manette inapotetemeka mu mikono, inakuwa inapima woga yako, inatuma kule kwao. Banaweka mu machupa.

— Woga mu machupa?

— Machupa ya petit format, ile ndogo-ndogo.

Maman Consolate alicheka hadi akaweka birika chini. Hapo Satellite akasimama kabisa, kama mtu aliyeitwa kuhubiri.

— Na sasa nitawaambia mwisho wake. Ule mutoto haiko mutoto. Ule mutoto njo shetani mwenyewe, anakumbuka utoto wake!

— Shetani hakuwa na utoto! Concile akanguruma. Aliumbwa mukubwa!

— Ulimuona?

Wakati huo pikipiki ilikuwa imesimama mbele yao. Dereva wake, kijana aitwaye Willy, alikuwa amemshusha abiria pale, akaomba kahawa na kuketi kwenye ncha ya benchi, kofia ngumu mapajani. Hakuwa mtu wa mtaa huo. Alisikiliza akipuliza kikombe chake, akimgeukia mmoja, kisha mwingine, hadi akapata nafasi.

— Samahani, papa. Ule mutoto alikosa nini?

— Mutoto gani? Concile akauliza.

— Ule banafungia.

Satellite alitazama juu kama anayetafuta réseau ya simu. Walikuwa wamemjadili mama, kengele, mashetani, gauni na vidole gumba. Mtoto walimwacha mulemule chini. Wote wakamgeukia Thierry.

— Jeu haisemi, Thierry akajibu. Nimetafuta mu kila chumba, nyuma ya kila mulango. Haiko.

Akanywa funda moja. Kisha, kwa sauti ileile ambayo angeombea sukari, akaongeza:

— Mi, balisema kosa yangu ni kutembea na usingizi.

— Weye? Maman Consolate akauliza.

— Mi. Nilikuwa mu primaire. Papa alikufa ule mwaka, na mi nikaanza kuamuka bila kujua, naenda kuikala chini ku mulango. Batu ba chambre de prière, bale ba kuombea bagonjwa, bakasema mi njo nilimuroga papa. Maman akaamini. Bakanifungia kwao bila chakula, banapiga makelele juu yangu ili kintu itoke. Nilikuwa najiuliza kintu gani. Nilikuwa naiambia itoke, na mi pia nitoke.

Pikipiki nyingine ilipita ikipiga honi. Hakuna aliyegeuka.

— Nani alikutosha mule? Maman Consolate akauliza polepole.

— Tantine Olive. Bibi mumoja alienda kumuambia, akamukuta anapika bugali. Akakuya mbio na mwiko mu mukono, bugali ingali juu yake, akapiga mulango ya pasteur nayo mpaka akafungua. Pasteur mwenyewe alijaa bugali mu ndevu.

Satellite alicheka, kisha akashtuka na kujifunika mdomo. Lakini Thierry naye alikuwa anacheka, tena kwa machozi, na benchi zima likaona limepewa ruhusa. Hata Willy alicheka, ingawa yeye alitazama chini.

Concile peke yake hakucheka.

— Kwetu Wakatoliki haiko vile, akasema. Kisha akajikohoza. Njo maana hautoshe ile jeu.

— Mule ndani mutoto iko na fimbo, Thierry akasema. Anapiga. Mi sikuwa na fimbo.

Concile aliweka kikombe chini, akainuka, akapangusa suruali yake ya Jumamosi na kuingia ndani bila kumtazama mtu.

— Kuya unionyeshe inashikwa namna gani. Siwezi kusemea ku shirika kintu sijui.

Thierry akamwekea manette mikononi na kumpanga vidole kimoja kimoja. Wengine wakajazana mlangoni. Kwenye skrini, mtoto mdogo mwenye fimbo alitembea moja kwa moja hadi ukutani, akaendelea kupiga hatua akiusukuma ukuta.

— Muzee, ugeuke! Willy akasema.

— Niko nageuka!

Akageuka, na mnyama mwenye mabawa yaliyoungua akashuka kutoka dari.

— Iko nyuma yako, Concile!

— Nimeona! Ukimbie, mutoto! Piga! Hapana, ukimbie! Si uko na miguu? Ukimbie, mwanangu!

Thierry, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alishika mgongo wa kiti. Hakumsaidia. Alimwacha apige kelele.

Mtoto akaanguka, skrini ikawa nyeusi. Concile alikaa akihema, jasho likimtiririka hadi kwenye kola, vidole gumba viwili vikiwa bado juu ya vitufe.

— Turudilie, akasema. Na mutu asinisemeshe.