Mashimo ya Bu Wagiyem

Ifikapo tarehe 31 Agosti, Bu Wagiyem, mama yetu mpishi na mwandaaji wa chai wa Ushirika wa Maziwa wa Karangwungu, atastaafu baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na moja na miezi miwili. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mkuu wa ulinzi, kazi ya kuandika wasifu wake katika jarida la ushirika. Waliniambia kwamba hakuna mfanyakazi mwingine aliyeandika mengi kumhusu kama mimi. Ni kweli, ninayo madaftari manne. Wasifu huu una kazi mbili: kumuaga, na kuliondoa neno moja baya lililokaa katika faili lake kwa miaka tisa. Mkurugenzi wetu mpya, Bu Ratmini, amesema neno hilo halifutiki mpaka aliyelileta ajitokeze kabla ya siku ya kuaga.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Alianza kwa kuosha madebe ya maziwa, mwaka wa pili akahamishiwa jikoni, na tangu hapo kila asubuhi ametuandalia glasi arobaini za chai, sikukuu na siku za kazi, maana ng'ombe hawajui sikukuu, isipokuwa siku chache nitakazozieleza. Amechelewa mara moja tu, siku ambayo ng'ombe wa jirani yake alizalia katikati ya njia.

Mimi nilikuja miaka kumi baada yake. Kazi ya mlinzi ni kushuku, na mtu wa kwanza niliyemshuku ni yeye. Daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, linasema: “Anazima taa za korido. Anataka giza la nini?” Ukurasa wa pili: “Maji ya kuoshea mchele hayamwagi. Anayabeba kwa ndoo mpaka nyuma ya ghala.” Nilimfuata. Alikuwa akimwagilia miche ya pilipili. Chini yake niliandika: “Huenda alijua ninamfuata.”

Sokoni alikwenda na vikapu vya mianzi na mabakuli yenye vifuniko, eti hataki mifuko ya plastiki. Sasa mtu anayekataa mfuko unaoonyesha kilichomo, akachagua bakuli la kufunikwa, mlinzi gani mwenye akili atamwacha apite? Nilimsimamisha langoni kila jioni kwa mwaka mzima.

“Bu, fungua hilo bati la biskuti.”

“Hamna biskuti humu, Pak Kasdi.”

“Ndiyo maana nataka lifunguliwe.”

Mlikuwa na wali uliobaki mchana, ameukausha juani na kuukaanga ukawa vitafunio. Alinipa viwili. Nilikula, kisha nikaandika kwamba chumvi ilizidi.

Karatasi zilizotumika upande mmoja alizikusanya kutoka kwenye mapipa, akazishona kwa uzi na kutugawia kama madaftari. Ofisi nzima ilifurahi. Mimi nilikataa langu, kwa kuwa niliamini anazisoma kwanza. Wenzangu walinicheka na kusema haba na haba hujaza kibaba. Niliwajibu kwamba haba na haba hujaza gunia la mwizi pia. Hata hivyo, ukweli lazima usemwe: mapipa ya taka yalikuwa matatu, leo tunalo moja, na hilo moja halijai.

Sasa nije kwenye mashimo. Miaka tisa iliyopita alianza kuchimba uani mashimo membamba, upana wa glasi ya chai, kina cha mkono mpaka begani. Baada ya sala ya alasiri alikuwa akiinama, anatia kitu, anafunika kwa jiwe, anaondoka. Nikaanza kuandika tarehe. Tarehe 3. Tarehe 8. Tarehe 13. Tarehe 18. Kila siku ya tano bila kukosa. Nikaangalia kalenda ya ukutani yenye juma letu la kale la siku tano: zote zilikuwa siku ya Kliwon. Nani kati yetu asiyejua Kliwon ni siku ya nini? Ndiyo siku ambayo vitu visivyoonekana hutembea, na wenye kutega hutega.

Wiki hiyohiyo mguu wa kulia wa mkurugenzi wa wakati huo, Pak Wiyono, ulivimba mpaka kiatu kikakataa kuingia. Nikafukua shimo moja. Ndani ya jani la mgomba mlikuwa na maua ya asumini, maganda ya mayai, na nywele za binadamu. Lisemwalo lipo, nikajiambia, na kama halipo laja.

Siku mbili baadaye mkurugenzi alipokea barua isiyo na jina. Ilisema Bu Wagiyem amemtega mkurugenzi kwa uchawi, na kwamba ushahidi umezikwa uani. Habari zilienea kabla ya saa nne. Asubuhi iliyofuata glasi arobaini zilitoka jikoni zimejaa na arobaini zikarudi zimejaa. Hali ikawa hivyo kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alisimama mlangoni pa ofisi kubwa, aproni ikiwa kiunoni.

“Jamani, kama hamnywi, semeni mapema,” alisema, “nisiwe nachemsha maji bure.”

Siku hiyohiyo mkurugenzi alimtoa jikoni. Alirudishwa kwenye madebe.

Mwishowe aliitwa imamu wa kijiji, Pak Rohmadi, asome dua na kuyafukua mashimo yote. Tulisimama mbali, wengine na vitambaa puani. Imamu alichota kiganja, akanusa, akakigeuzageuza kwa kidole.

“Hii si mbolea hii?” alisema. “Bu, ya kwako? Naomba magunia mawili. Pilipili zangu zinakufa.”

Bu Wagiyem akaeleza taratibu, kama anayewaeleza watoto. Nywele ni za wanawake wa kufungasha maziwa, wanaochana kabla ya kuvaa kofia zao. Maua ni ya harusi ya binti wa mhasibu. Mayai tulikula sisi wenyewe.

“Na Kliwon je?” niliuliza kwa sauti, nikijua nimemkamata.

“Pak Kasdi, gulio letu huwa lini?”

“Kliwon.”

“Basi maganda mengi ya mboga mimi nayapata lini?”

Ua zima likaangua kicheko. Mimi hununua kuku kwenye gulio hilo kila Kliwon, na bado nilikuwa nimehesabu siku na kuona mizimu. Mguu wa mkurugenzi nao ulikuwa na jongo. Daktari alimkataza supu ya utumbo wa mbuzi, ukapona. Bu Wagiyem alirudishwa jikoni na mashimo yakaongezeka mpaka thelathini na sita. Dimbwi la uani, ambalo wanawake walilivuka kila masika wakiwa na viatu mkononi, likakauka, kwa sababu maji yalipata pa kuingilia.

Lakini barua ilibaki failini, na maneno yake yakabaki kijijini. Watu walimwamini imamu kwa midomo, si kwa matumbo. Kwetu, mtu akiwa na shughuli huwapelekea majirani chakula nyumba hadi nyumba. Cha Bu Wagiyem kilikuwa kikirudi. Hakuna aliyemtukana. Kilirudi tu, kimefunikwa vizuri, hakijaguswa. Mwanamke asiyeweza kutupa punje ya wali amerudishiwa wali wake miaka tisa. Mara moja nilimwona akilia, amekaa na bakuli mapajani. Nililiandika hilo pia, tarehe na saa. Nikilisoma leo naona aibu.

Barua ile niliiandika mimi.

Wiki mbili zilizopita nilimfuata uani kumwambia.

“Bu, nina neno.”

“Sema, Pak, ila usikanyage shimo.”

Nikasema lote. Hakuinua hata kichwa.

“Nilijua siku ileile.”

“Nani alikwambia?” Hata hapo nilikuwa natafuta msaliti.

“Karatasi. Ofisi nzima wanaandika nyuma ya karatasi kuukuu. Ni wewe tu unayechukua mpya. Mkurugenzi alinionyesha barua, nyeupe kama maziwa.” Akajinyoosha mgongo. “Tena umeandika upande mmoja tu! Upande wa pili wote umeuacha hivihivi.”

“Mbona hukunitaja?”

“Nani angeniamini? Mchawi anamtaja mlinzi?”

Nikamwomba msamaha. Alinitazama kama nilivyokuwa nikilitazama lile bati lake langoni.

“Bado, Pak,” alisema. “Maneno ya mdomo nimeyasikia mengi. Andika kwanza. Na safari hii uweke jina.”

Kwa hiyo naandika. Mimi, Kasdi Purnomo, mkuu wa ulinzi, ndimi niliyeiandika barua ile, na yote yaliyomo kumhusu Bu Wagiyem ni uongo uliotokana na woga wangu. Bu Ratmini ameahidi kuitoa failini mara tu jarida hili litakapotoka. Nakala zitasomwa pia kwenye baraza la kijiji, nimeomba hivyo mwenyewe. Siku ya kuaga chakula atapika yeye, kwa hiari yake, na sahani ya kwanza nitapakuliwa mimi.

Bu Wagiyem, ushirika unakushukuru kwa chai, kwa taa ulizozima tukiwa tumezisahau, na kwa ua lisilo na tope. Tunakuombea afya, pilipili zenye kuzaa sana, na majirani watakaokurudishia vyombo vikiwa vitupu.