Wahandisi Hawaji Tena Alhamisi

Benchi letu liko nje ya duka la donati, mjini Lorain, Ohio, mkabala na shule ya sekondari. Asubuhi hiyo ya Machi tulikuwa wanne: mimi; Spana, aliyefunga mitambo miaka thelathini; Redio, dereva mstaafu wa basi la shule, ambaye habari hailali mdomoni mwake; na Delfina, ambaye kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Mjukuu wake, Corinne, yumo kwenye klabu ya sayansi. Jana yake kiwanda cha pampu kilikuwa kimeandika barua: ufadhili basi, na wale wahandisi waliokuwa wakija kujitolea kila Alhamisi hawaji tena. Mashindano ya roboti ya klabu hiyo yalikuwa yamebakiza wiki tatu.

— Corinne amekula? nikauliza.

— Wapi! Delfina akasema. Kajifungia chumbani. Mtoto yule alikuwa mtoro, si mnajua? Mhandisi mmoja kampa bisibisi tu, akaacha kuumwa kichwa kila siku ya shule.

— Kiwanda kinahamia Meksiko, Redio akadakia. Nimeona malori mawili, yamefunikwa turubai. Lisemwalo lipo, na kama halipo, lipo Meksiko.

— Acha uzushi wewe, Spana akamkata. Kosa letu. Mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sisi miaka minne tunawapa donati!

— Hapana, wanawaogopa watoto, Redio akashikilia. Wakijua kuunda roboti, kesho wataunda pampu; nani atanunua za kwao? Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Ndiyo maana wamekimbia kabla mtoto hajalia.

— Sasa si ndiyo analia? Delfina akauliza.

Redio hakusikia.

— Tena ile barua hakuandika mtu. Imeandikwa na roboti za kiwandani. Zimeona ya watoto, zikaingiwa na wivu!

Hatukucheka. Delfina akakiweka kikombe chini.

— Mama yake alianza hivihivi, akasema taratibu. Kufunga mlango, kukataa chakula. Mnakumbuka tulivyomzika.

Tulikumbuka.

Mlango wa duka ukafunguliwa, akatoka mwanamke mgeni, kahawa mkononi. Alisita mbele yetu.

— Samahanini, wazee wangu. Mimi ni mwalimu Treviño, wa fizikia, msimamizi wa klabu ya sayansi. Nimewasikia kutoka ndani. Roboti yetu imevunjika mkono, na mimi vitabu navijua, nati sizijui. Akamgeukia Spana. Bwana, humo ndani wameniambia umefunga mitambo miaka mingi; Alhamisi saa tisa alasiri huwa unafanya nini?

Spana akatikisa kichwa.

— Mwalimu, mimi shule sikumaliza.

— Sikuuliza hilo, bwana.

Delfina alikuwa anamkazia macho Spana, na Spana anavitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.